Jinsi nilivyomchagulia Baba Mdogo nyumba ya wazee hapa Columbus

Nimefanya kazi ya CNA, yaani mhudumu anayewasaidia manesi, katika nyumba za wazee tangu mwaka wangu wa kwanza hapa Ohio. Nimewaogesha wazee wa watu, nimewalisha, nimewageuza kitandani usiku wa manane, na wengine nimewashika mkono hadi pumzi ya mwisho. Kwa hiyo Baba Mdogo alipopata kiharusi mwaka jana, na madaktari wakasema hawezi tena kuishi peke yake kwenye apatimenti, ukoo mzima ulinigeukia mimi. Kuna mambo ambayo mtu aliyefanya kazi humo ndani anayaona, na mgeni anayetembezwa hayaoni. Ndiyo ninayotaka kuyaandika, kwa sababu Waswahili tunaozeekea Marekani tunaongezeka, wazazi tuliowaleta nao umri unakwenda, na siku ya kuchagua ikifika hupewi muda wa kufikiri.

Niseme mapema ninachokiamini: nyumba ya wazee ni wahudumu wake. Wako wangapi kwenye zamu, wamekaa hapo muda gani, na wanaelemewa kiasi gani. Jengo, bustani na piano ya mapokezi vinakuja baadaye sana.

Baba Mdogo ni mdogo wake marehemu baba yangu, mtu wa Tanga, aliyekuja huku miaka ya 1990 akafanya kazi kwenye mabohari ya mizigo mpaka akastaafu. Ndiye aliyenipokea nilipofika, akanipa chumba, akanifundisha kuendesha gari kwenye theluji. Mwanawe wa pekee yuko Muscat na familia yake. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia wa ubongo, kwa hiyo mkono na mguu wa kushoto umepooza, na kumeza kuna shida: maji ya kawaida yanampalia, lazima yatiwe unga maalumu yawe mazito. Kumtoa kitandani kumweka kwenye kiti kunahitaji watu wawili na mashine ya kunyanyulia. Akili yake iko timamu, ila akichoka Kiingereza kinampotea, anabaki na Kiswahili tu.

Shangazi alituma sauti ndefu kutoka Chumbageni, Tanga. "Mwanangu, huyo si mtu wa kulazwa kwa watu. Nyie mko huko wangapi? Mnashindwa kumweka mzee mmoja?" Nilimpigia, nikamwamkia, nikamwacha aseme yote. Ana haki ya kuuliza. Kwetu makao ya wazee, kama yale ya Welezo na Sebleni kule Unguja, yanajulikana kuwa ya wasio na mtu, na Baba Mdogo ana watu. Lakini nyumba yangu chumba na bafu viko juu, ngazi kumi na tatu. Mume wangu anaendesha lori, siku nyingine analala Nebraska. Mimi nafanya zamu. Ohio ina mpango unaoitwa PASSPORT, ambao kupitia Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, humsaidia mtu wa miaka 60 na zaidi kuhudumiwa nyumbani badala ya kwenda nyumba ya wazee, na kwa familia nyingi unatosha. Ukiweza kuutumia, anza na huo. Kwa mtu anayehitaji watu wawili kugeuzwa saa nane za usiku, saa chache za mhudumu wa mchana hazikidhi. Shangazi hakukubali siku ile. Aliniambia tu, "Basi usimwache peke yake," na hilo nililichukua kama sharti.

Hospitali nayo haikungoja. Ofisa anayeshughulikia wagonjwa wanaoruhusiwa aliniletea karatasi yenye majina ya nyumba zilizo na vitanda na kutaka jibu kesho yake. Ukifikia hapo, jua kwamba uamuzi ni wa mgonjwa na watu wake. Unaweza kukataa nyumba, ukataja nyingine. Na kabla hujatoka hospitali uliza swali moja kwa maneno ya wazi: mgonjwa wetu amelazwa rasmi, au yuko "chini ya uangalizi" tu? Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi, hulipia nyumba ya uuguzi baada ya mtu kulazwa rasmi siku tatu mfululizo. Mtu anaweza kulala kitanda kile kile, akavishwa bangili ile ile, akapewa dawa zile zile, na siku zake za uangalizi zisihesabiwe hata moja. Nimeona familia zinaletewa bili kwa ajili ya hilo.

Nilianza na simu yangu. Medicare ina tovuti ya Care Compare, ambayo inazipa nyumba nyota kuanzia moja hadi tano. Watu husoma nyota za jumla, wakafunga. Nyota hizo zimetengenezwa kwa sehemu tatu: ukaguzi wa jimbo, idadi ya wahudumu, na vipimo vya ubora. Hiyo ya tatu sehemu yake kubwa inatokana na taarifa ambazo nyumba inajaza yenyewe, kwa hiyo sikuipa uzito. Ya wahudumu inatokana na orodha za mishahara ambazo nyumba zinatakiwa kupeleka serikalini, nayo inaonyesha saa za wahudumu kwa kila mkazi kwa siku. Tangu mwaka 2022 inaonyesha pia saa za wikendi peke yake, na asilimia ya wafanyakazi walioacha kazi ndani ya mwaka. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu. Nyumba ambayo nusu ya wahudumu wake wanaondoka kila mwaka ni nyumba ambayo kila baada ya miezi michache mtu mgeni atakuwa anajifunza upya kwamba Baba Mdogo haanzi kula bila kunawa. Kuna pia alama ya mkono ndani ya duara jekundu, iliyoanza kuwekwa mwaka 2019 kwa nyumba zilizokutwa na makosa ya unyanyasaji. Ukiiona hiyo, pita.

Wengi hudhani sheria inaweka idadi ya wahudumu. Sheria kubwa ya nyumba za wazee Marekani ni ya mwaka 1987, na kwa upande wa manesi inataka nesi aliyesajiliwa awepo saa nane kwa siku, siku saba za wiki, na wahudumu "wa kutosha". Kutosha ni kiasi gani, haisemi. Mwaka 2024 serikali ya shirikisho ilitoa kanuni ya saa 3.48 kwa kila mkazi kwa siku, na mwaka 2025 mahakama huko Texas ikaifuta. Kwa hiyo usitegemee kwamba kuna mtu amekuhesabia. Hesabu mwenyewe.

Mimi nimewahi kupewa wazee 15 kwenye zamu ya asubuhi. Zamu ni saa 8, toa nusu saa ya chakula, zinabaki dakika 450. Gawa kwa 15, kila mzee anapata dakika 30. Ndani ya dakika hizo 30 umwamshe, umbadilishe pampasi, umwogeshe au umfute mwili, umvalishe, umtoe kitandani, umpeleke kifungua kinywa, umlishe kama hawezi, umgeuze kila baada ya saa mbili, umlishe tena mchana, uandike kwenye kompyuta. Mtu mwenye shida ya kumeza kama Baba Mdogo, kifungua kinywa peke yake ni dakika 30 ukimlisha kwa usalama. Kwa hiyo ama wengine wanakosa, ama yeye analishwa haraka na kupaliwa, na chakula kinachoingia mapafuni kinaleta nimonia. Mhudumu anaweza kuwa na moyo wa dhahabu, hesabu haibadiliki. Wahudumu wenye wazee wanane au tisa asubuhi wanaweza kufanya kazi kibinadamu. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila mkurugenzi wa uuguzi lilikuwa: asubuhi mhudumu mmoja ana wazee wangapi, na usiku je, na Jumapili je? Anayejua kazi yake anajibu papo hapo. Anayekwambia "tunafuata miongozo yote" hajakujibu.

Ziara rasmi hufanyika saa nne asubuhi siku ya kazi, na dada wa masoko amevaa vizuri, anakuonyesha ukumbi wa bingo. Nenda nayo, ni heshima, na utapata nafasi ya kuuliza. Halafu rudi Jumamosi jioni wakati wa chakula, bila kupiga simu. Mimi nilikaa kwenye kiti cha korido na kutulia. Taa ya kengele ikiwaka juu ya mlango, angalia saa yako. Angalia wahudumu wangapi wanapita chini ya taa hiyo bila kugeuza shingo. Ukumbi wa chakula, tazama wanaolisha wamekaa au wamesimama. Anayelisha akiwa amesimama juu ya mzee, kijiko mkononi, macho yake yameshahamia meza inayofuata. Tazama kucha za wazee, midomo kama imepasuka, ndevu za wanaume, miwani kama inaonekana kitu, kifaa cha kusikilizia kama kimo sikioni au kimesahauliwa droo. Harufu ya mkojo saa moja asubuhi mlangoni mwa chumba kimoja si neno, watu wanakojoa na wanabadilishwa. Harufu iliyoingia kwenye makochi na kukaa siku nzima ni habari nyingine. Na mahali panaponukia marashi makali kupita kiasi, uliza kwa nini.

Kuna nyumba moja nzuri sana, ya nyota tano, ina tangi la samaki ukutani, na ndugu yangu mmoja alikuwa ameshaipenda. Nilipita chumba kilichokuwa na mzee aliyepooza kushoto, kama wetu. Nilibisha, nikamsalimu, akanikaribisha kwa kichwa. Kitufe cha kuitia kilikuwa kimening'inia kwenye chuma cha kitanda upande wa kushoto. Meza ya chakula ilikuwa kushoto. Kikombe cha maji mazito kilikuwa pale mezani, kimejaa, kifuniko hakijaguswa. Kwenye sahani, viazi na kuku wa upande wa kulia vimeliwa, upande wa kushoto mboga zimelala kama zilivyopakuliwa, mstari katikati kabisa. Anayejua kiharusi cha upande huo anajua: si kwamba ameshiba. Wengi wao ubongo hauoni tena upande wa kushoto, kwa hiyo nusu ya sahani kwake haipo. Ukigeuza tu sahani, anamaliza. Ukiweka kikombe kulia, anakunywa. Kwenye kadi yake wataandika "amekula asilimia 50". Nilimwomba nesi ruhusa ya kumsogezea kikombe, akasema sawa, nikakiweka mkono wa kulia. Alikunywa chote bila kupumzika. Nikageuza sahani, nikaondoka. Nyumba hiyo nikaifuta, na ndugu yangu nikamweleza sababu, akanielewa.

Kwa hiyo kila unakokwenda, tafuta mkazi mwenye hali ya mtu wako. Kama mama yako anasahau, nenda mahali wanapokaa wanaosahau, uone wanafanya nini saa kumi jioni, wakati ambao wengi wao huanza kuhangaika. Kama wote wamesinzia vitini na videvu vimegusa kifua, uliza ni wangapi wanapewa dawa za kutuliza akili. Asilimia hiyo nayo imo kwenye Care Compare. Kama mtu wako hawezi kujigeuza, uliza kuhusu vidonda vya kulalia: wangapi wanavyo, na wangapi walivipatia hapo hapo.

Halafu zungumza na wahudumu. Hapa sisi tuna bahati ambayo Wamarekani wengi hawana, kwa sababu nyumba za wazee za Columbus zimejaa watu wetu: Wakenya, Wakongo, Wasomali, Waghana, Wanepali. Saa ya kubadilishana zamu, simama karibu na maegesho, salimia. Dada mmoja wa Bukavu nilimsikia anaongea na simu kwa Kiswahili cha kwao. Nilimngoja amalize, nikamsalimu, nikamwambia nina mzee wangu. Nilimuuliza: wewe mama yako ungemleta hapa? Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Dada, mchana ningemleta. Usiku tuko wawili kwa watu arobaini." Sikuhitaji kuuliza zaidi. Sitaitaja nyumba, na usimchongee mhudumu anayekwambia ukweli. Anakula kwa kazi hiyo.

Upande wa karatasi. Kila nyumba inatakiwa kuweka ripoti ya ukaguzi wa karibuni mahali ambapo mkazi na mgeni wanaweza kuisoma bila kuomba, na kubandika kila siku idadi ya manesi na wahudumu waliopo. Sehemu nyingine ripoti hiyo imo kwenye faili nene karibu na mapokezi. Sehemu moja niliikuta nyuma ya chungu cha maua. Ni fomu namba 2567. Inaonekana ngumu, lakini kila kosa lina herufi kuanzia A hadi L. D maana yake tatizo lilikuwa dogo kwa upana, na hakuna aliyeumia ingawa angeweza. G kwenda juu maana yake mtu ameumia kweli. J, K na L ni hatari ya papo hapo. Nyumba isiyo na kosa lolote ni adimu, na D chache hazinitishi. Ninachotafuta ni G na kuendelea, na kosa lile lile linalojirudia mwaka hadi mwaka. Soma pia maelezo, si herufi tu. Humo utakuta saa na dakika ambazo mkazi fulani, asiyetajwa jina, alisubiri kupelekwa choo.

Mtu mwingine wa kumpigia ni ombudsman wa jimbo, mtetezi wa wakazi wa nyumba za wazee. Kila jimbo linaye, kwa sheria, na huduma yake ni bure. Nilimtajia majina yaliyobaki kwenye orodha yangu na kuuliza malalamiko gani yanaingia mara nyingi. Hawakwambii "chagua hii", lakini ukisikiliza vizuri unaelewa. Weka namba yake, utaihitaji hata baada ya mtu wako kuingia.

Siku ya kusaini wanakuletea mafungu ya karatasi na kalamu. Pole pole. Kuna ukurasa wa kukubali kwamba ugomvi wowote utaamuliwa na msuluhishi badala ya mahakama. Tangu mwaka 2019 nyumba haiwezi kuufanya ukurasa huo kuwa sharti la kuingia, na hata ukiusaini una siku 30 za kujitoa. Mimi sikuusaini, nikaandika "sikubali", na hakuna aliyebishana. Kuna pia mahali wanapotaka jamaa asaini kama "mhusika". Sheria ya shirikisho inakataza nyumba kumtaka ndugu adhamini malipo kwa mfuko wake kama sharti la kumpokea mzee. Nilisaini kama mwakilishi wa Baba Mdogo, kwa fedha za Baba Mdogo, na nikaliandika hilo kando ya jina langu. Uwakilishi huo ulitokana na hati ya mamlaka, ya kunipa ruhusa ya kuamua kwa niaba yake, tuliyoiandika hospitalini, yeye mwenyewe akiwa na akili zake na kuweka saini kwa mkono wa kulia. Jamani, hati hiyo andikeni wazee wakiwa wazima. Msingoje.

Fedha ndizo zinazowashangaza watu wetu kuliko kitu kingine. Medicare hailipii mtu kuishi nyumba ya wazee. Inalipia muda wa matibabu na mazoezi baada ya hospitali, hadi siku 100: siku 20 za kwanza kamili, na kuanzia ya 21 mgonjwa anachangia, ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 209.50 kwa siku. Na siku hizo 100 ni mwisho wake, si ahadi. Wakiona hahitaji tena uuguzi au mazoezi ya kitaalamu wanaweza kusimamisha mapema, ingawa una haki ya kukata rufaa. Baada ya hapo ni mfuko wako au Medicaid, na Ohio mtu asiye na mwenzi anatakiwa asiwe na akiba inayozidi dola 2,000. Medicaid inaangalia nyuma miezi 60. Fedha ulizogawa bila kupata kitu chenye thamani hiyo zinaweza kukuchelewesha. Sasa fikiria maisha yetu: ada za watoto wa kaka, bati za nyumba ya Tanga, matibabu ya mama, mchango wa msiba. Baba Mdogo alikuwa ametuma nyumbani maisha yake yote. Ilibidi tukusanye risiti za kutuma fedha na kwenda kwa wakili wa mambo ya wazee, na fedha ya wakili huyo ndiyo niliyoitoa kwa moyo mweupe kuliko zote. Kama una mzazi hapa wa miaka 70 kwenda juu, nendeni kabla ya ugonjwa. Na kabla ya kuchagua nyumba uliza kama inapokea Medicaid, na kama kitanda atakacholala sasa ndicho atakachobaki nacho Medicare ikikoma.

Kamera tuliweka. Ohio ina Sheria ya Esther, iliyoanza kutumika mwaka 2022 na kuitwa kwa jina la Esther Piskor, ambaye mwanawe aliweka kamera ya siri akaona jinsi mama yake alivyokuwa akitendewa kwenye nyumba ya wazee. Sheria inamruhusu mkazi kuweka kamera chumbani kwa gharama yake. Anayelala naye chumba kimoja lazima akubali, na tangazo linaweza kuwekwa mlangoni. Mzee tunayeshirikiana naye chumba alikubali kwa sharti kwamba isielekee kitanda chake. Binamu yangu wa Muscat ndiye anayeifungua mara nyingi, kwa sababu usiku wetu kwake ni asubuhi. Wahudumu niliwaambia mimi mwenyewe, uso kwa uso, kwamba ni macho ya mwana aliye mbali. Ningekuwa mimi ningetaka kuambiwa hivyo.

Mambo ya dini niliyauliza kabla, na majibu yalinisaidia kuchagua. Nyama ya nguruwe: si kwamba hawatampa, bali jikoni wanajuaje? Nyumba tuliyoichagua walinionyesha kadi ya trei, jina la mzee juu, na makatazo chini kwa maandishi mekundu. Kuogeshwa na mwanamume: walisema asubuhi yupo, jioni si kila siku. Nilipenda kwamba hawakuahidi wasichoweza. Kibla hapa Columbus ni kaskazini mashariki, na fundi wao alikuja akageuza kitanda siku ile ile ili Baba Mdogo akiinuliwa kichwa aelekee huko, na upande wake wa kulia ubaki wazi kwenye meza na kengele. Lugha ndiyo ilinisumbua zaidi. Nimeandika maneno kwa herufi kubwa na kuyabandika ukutani, Kiswahili na matamshi yake: maji, choo, nigeuzeni, naumwa, baridi. Mhudumu wa usiku, kijana wa Kinepali, ameyajua yote. Kila akiingia anamwambia "shikamoo", na Baba Mdogo anamwitikia "marahaba" kwa sauti kabisa.

Nyumba yenyewe ina zulia la zamani na madirisha yanayotazama maegesho. Nyota zake za jumla ni tatu. Za wahudumu ni nne. Mkurugenzi wa uuguzi amekuwepo hapo miaka mingi, na alianza kama CNA. Iko njiani kati ya nyumbani kwangu na kazini, na hilo lilikuwa na uzito kuliko nilivyodhani mwanzo, kwa sababu ninaweza kupita wakati wowote, na wanajua kwamba ninapita. Mzee ambaye watu wake huonekana huhudumiwa tofauti. Si haki kwa wale wasio na mtu, na ndiyo maana huwa nawasalimu na wao, nikawasogezea vikombe.

Si kila kitu kiko sawa. Kikoi chake cha kijani kilipotea dobi, nikapiga kelele mpaka kikapatikana kwenye kabati la mzee mwingine. Sasa kila nguo ina jina kwa uzi. Kuna Jumapili mbili tatu nimemkuta bado kitandani saa tano. Hilo niliandika kwa barua, tarehe na saa, nikaipeleka kwa mkurugenzi, nakala nikabaki nayo.

Kila baada ya miezi mitatu hivi kunakuwa na kikao cha mpango wa huduma, na mkazi na watu wake wanaalikwa. Hudhuria, hata kwa simu. Chetu kinachofuata ni mwezi ujao. Baba Mdogo anataka siku yake ya kuoga ihamishwe kutoka Jumatatu iwe Ijumaa asubuhi, na mimi nataka mtaalamu wa kumeza ampime tena, kwa sababu anasema yuko tayari kujaribu chai isiyo nzito. Binamu ataingia kwa video kutoka Muscat. Shangazi naye ameomba awemo, na ameshanitumia maswali yake.